Majani Mia Mbili na Kumi ya Msamaha

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikwenda kufungia maandazi kabla hujalisoma, usijali. Nitakukumbusha aibu yangu kwa ufupi. Nimeshaizoea, na yenyewe imeshanizoea.

Mimi ni Winfrida. Ndiye niliyeandika kile kitabu cha kuwaongoza wageni wa Umoja wa Kimataifa wa Watengeneza Kufuli, ambao mwaka huu walichagua kufanyia mkutano wao Moshi. Wajumbe mia mbili na kumi. Kurasa ishirini na nne: usafiri, hali ya hewa, malazi, chakula, adabu za wenyeji. Nilikiandika chote nimekaa kwenye kiti kimoja pale ofisini kwetu Majengo, feni inanipuliza, na mlima wenyewe sijawahi kuupanda hata kituo cha kwanza.

Niliandika kwamba mlima unaonekana kila asubuhi. Niliandika kwamba Moshi hakuna mbu. Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga na mbu wanaojua majina ya watu, nilipaita "ukanda wa maji tulivu".

Hayo yangesameheka. Lililoniponza ni orodha ya malazi. Hoteli moja ilijitoa dakika za mwisho, bosi wangu Urbanus akasimama mlangoni.

"Winfrida, wametaka nyumba kumi na mbili. Kitabu kinakwenda kwa mchapaji saa sita. Sasa ni saa sita kasoro dakika nane."

Nafasi ya kumi na mbili nikaijaza kwa nyumba ya baba yangu, Marangu. Niliandika: "Nyumba ya Urithi ya Ebenezeri. Chumba kimoja, kitulivu, katikati ya migomba na kahawa. Mwenyeji ni msomi, mcheshi, na anapenda wageni."

Msomi ni kweli. Baba alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minne. Mcheshi na kupenda wageni niliongeza mimi.

Nilijua hakuna mjumbe atakayekitaka chumba hicho. Na kweli, kati ya watu mia mbili na kumi alikitaka mmoja tu. Rais wao.

Na baba yangu, kwa wewe uliyeanza kunisoma leo, hajasema na mimi neno lolote kwa miaka sita.

Sasa sikia ya Jumatatu.

Urbanus si mtu wa huku. Kwao ni Songea, na Uchagga anaujulia kwenye mtori na nyama choma. Siku naandika ukurasa wa kumi na moja, wa adabu, alinijia na kikombe chake cha kahawa.

"Weka kitu cha asili. Wageni wanapenda kitu cha asili."

"Kama nini, bosi?"

"Sijui. Jani. Nyie Wachagga hamna jani?"

Jani tunalo. Linaitwa isale. Masale yanaota kwenye mipaka ya vihamba vyetu, yaani yale mashamba ya nyumbani, na yanazunguka makaburi ya wazee. Ukimkosea mtu kosa zito, unashika jani la isale, unakwenda kwake, unampa. Akilipokea, amekusamehe na yameisha. Kulikataa ni aibu kubwa kuliko kosa lenyewe. Kwa hiyo hulipeleki kwa mchezo.

Niliandika hivyohivyo: jani la kuombea msamaha. Urbanus akachukua kalamu, akakata.

"Watu wanakuja kwenye mkutano, hawaji kutubu. Andika jani la salamu. Mpe kila mwenyeji utakayekutana naye. Halafu kila mjumbe awekewe moja kwenye mkoba."

Ningebisha. Mchagga yeyote mwenye akili timamu angebisha. Mimi nilikuwa na njaa, nikaandika.

Basi Jumatatu asubuhi wajumbe mia mbili na kumi wakatoka mahotelini mwao, wakaingia mjini Moshi kuomba msamaha.

Dereva mmoja wa bodaboda pale mnara wa saa alipewa jani na Mkorea. Akashuka mbio, akaanza kuizunguka pikipiki yake anaikagua. "Umeigonga wapi? Umeigonga saa ngapi?"

Muuza ndizi sokoni alipewa matatu, na watu watatu tofauti. Akawageukia wenzake. "Hawa wana jambo. Shikeni mikoba."

Mama mmoja wa Kiboriloni alipokea lake kwa Mtaliano mwenye mvi. Akamwambia amemsamehe, kisha akamnong'oneza jirani yake: ina maana huyu ndiye baba wa yule mtoto wa Aikande?

Nilicheka, sitakuficha. Nilicheka mpaka nilipomwona mzee mmoja wa Old Moshi, kule Wajerumani walikowanyonga machifu wetu zamani, aliyeshuka mjini kununua dawa ya kahawa, amesimamishwa na Mjerumani. Mjerumani akampa jani kwa mikono miwili, kama kitabu changu kilivyomwagiza.

Mzee alilitazama jani muda mrefu. Akavua kofia.

"Mmechelewa sana," akasema. "Lakini nimelipokea."

Mjerumani hakuelewa neno. Akatabasamu, akampiga picha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi, kitabu changu na Urbanus na kikombe chake.

Urbanus yeye nilimkuta ukumbini anameremeta. "Unaona? Wananchi wameguswa!" Kisha akalisogeza jani moja karibu na macho. "Ila hivi vitone vyeupe ni nini?"

Hata mimi sikuvijua. Majani yaliletwa na mdogo wangu Godlove kwenye magunia mawili, nami sikuuliza yametoka wapi. Nikajibu la kwanza lililonijia kinywani.

"Ni alama ya theluji, bosi. Masale ya karibu na mlima huwa hivyo."

"Kaliseme hilo kwenye kipaza sauti."

Nikaenda, nikalisema. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Saa nane mchana tukaondoka kwenda Marangu, mimi na rais. Anaitwa Bi. Lourdes, Mreno, mfupi, miaka sitini na ushei, mwenye kiwanda cha kufuli alichorithi kwa babu yake na shada la funguo kiunoni linalolia akitembea. Kiingereza chake ni cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Ndani ya gari alifungua kitabu changu.

"Hapa imeandikwa mlima unaonekana kila asubuhi. Hii ni siku yangu ya tatu. Sijauona."

"Umelala," nikamwambia.

"Mpaka saa nane mchana?"

"Ni mlima mkubwa, mama."

Akacheka mpaka funguo zikacheka naye. Kumbe ni mtu mwema, na hilo likanitia hofu zaidi. Mtu mbaya ningemdanganya kwa amani.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Godlove alishamwambia baba kwamba anakuja mgeni wa kanisa kutoka Ulaya. Baba ni mzee wa kanisa, asingemfukuza. Mimi ningemshusha rais getini, ningegeuza gari, ningerudi mjini.

Kwa nini nisiingie? Wale wa wiki ya pili mnakijua kisa, lakini wacha nikirudie, kinanistahili.

Mwaka mmoja baada ya mama kufariki, tulifanya kumbukumbu. Mimi, mtaalamu wa makongamano, nikasema chakula niachieni. Mbuzi akachinjwa. Kwetu mbuzi wa shughuli hagawanywi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, na kidari ni cha baba mwenye nyumba. Mimi nikamwamuru mpishi akatekate yote, apange bufee. Nikaona nimestaarabika.

Baba akasimama kwenye foleni, sahani mkononi, nyuma ya watoto, ukoo mzima unamtazama. Kidari chake kilikuwa kimeshakwenda kwenye sahani ya kijana wa kufunga spika. Baba akairudisha sahani mezani.

"Huyu si binti yangu," akasema. "Huyu ni mpishi wa kukodi."

Tangu hapo, kimya. Ningempelekea isale siku ileile, yangeisha. Lakini kiburi nimekirithi kwake pamoja na pua. Nikasema siwezi kuomba msamaha kwa ajili ya nyama. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Kila Desemba Wachagga wote wanapanda kwao, mji unabaki mtupu, mimi nabaki Majengo na mlinzi wa ofisi tunakula chipsi mayai. Sasa baba ana miaka themanini na mitatu. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, aniite jina langu kabla hajafa. Sikuwa na ujasiri wa kukiomba.

Getini tulimkuta Godlove. Huyu ndiye kitinda mimba wetu, na kwa desturi ya kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Ndiye anayemkamulia mzee ng'ombe, anayempikia, anayemkata kucha za miguu. Alikuja dirishani kwangu mbio.

"Dada, geuza gari."

"Kuna nini?"

"Mzee hashikiki. Kuna mtu amekata masale yote ya kaburi la mama. Yote! Kaburi limebaki uchi. Mzee aliona jana tulipotoka kanisani. Akawaita wazee wa ukoo, akala kiapo mbele yao. Aliyeyakata, awe nani, hatakanyaga kihamba hiki mpaka yeye afe."

"Mshenzi gani huyo?" nikauliza. Nilikasirika kweli, damu ilinichemka.

Godlove akatazama viatu vyake.

"Godlove."

"Ulisema majani mia mbili na kumi, Jumamosi jioni yawe kwenye magunia. Ulitaka nikayatoe wapi, Nairobi? Ya mpakani nikiyakata jirani ananipeleka baraza la kata. Ya mama yalikuwa yamenenepa. Nikasema mama hatakasirika, ni kazi ya dada."

"Na vile vitone vyeupe?"

"Chokaa. Si mzee alipaka kaburi chokaa Krismasi? Nilifuta, lakini majani mia mbili, dada, mkono unachoka."

Basi hiyo ndiyo theluji ya Kilimanjaro niliyoipigiwa makofi.

Nikageuka nimwambie Bi. Lourdes kwamba chumba kimejaa. Kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameshashuka, ameshapita getini, funguo zinalia kati ya migomba. Na kwenye mkoba wake kulikuwa na jani la isale, na ukurasa wa kumi na moja ulimwagiza ampe kila mwenyeji.

Nikamkimbilia. Miaka sita sijavuka geti lile, na siku niliyolivuka nilikuwa nakimbia kama mwizi wa kuku.

Baba alikuwa amekaa barazani, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, fimbo magotini. Amepungua. Hilo ndilo la kwanza nililoliona, na liliniuma kuliko nilivyotegemea.

"Shikamoo, baba."

Akamtazama ng'ombe bandani. Kisha akamgeukia mgeni, kwa Kiingereza chake cha ualimu kilichonyooka.

"Karibu sana, mama. Umepanda peke yako?"

"Nimekuja na Winfrida."

"Sijaona mtu," baba akasema. Akainua sauti kidogo, kwa Kiswahili. "Godlove! Kama kuna mtu amesimama juani hapo, mwambie kivuli hakilipiwi."

Nikasogea kivulini. Sikujua kama nimekaribishwa au nimetukanwa.

Bi. Lourdes akaonyeshwa chumba. Ni chumba changu cha utotoni, ndicho nilichokitangazia dunia. Mlango wake ni wa mbao, unafungwa kwa kijiti kinachopita kwenye kamba ya mgomba. Rais wa kufuli wa dunia akainama, akaukagua mlango huku na huku kama daktari.

"Kufuli iko wapi?"

"Kufuli ya nini?" baba akauliza.

"Ya kumzuia mtu asiingie."

Baba akakishika kile kijiti.

"Nyumba hii ina mtu mmoja tu asiyeingia," akasema, "na sijawahi kununua kufuli kwa ajili yake."

Bi. Lourdes akanitazama. Mimi machozi yalishatoka, nikajidai ni moshi wa jikoni, na jikoni hapakuwa na moto.

Hata hivyo akili ya wizi haikulala. Baba alipompeleka mgeni akaone kahawa, mkoba ukabaki barazani. Nikaufungua. Jani lile lilikuwa juu kabisa, chokaa na vyote. Nikalichomoa, nikakimbia bandani, nikalitia kwenye hori. Ng'ombe akalinusa, akanitazama, akalitafuna.

Sijawahi kumpenda ng'ombe kiasi kile.

Wakarudi. Godlove akaleta chai ya maziwa na kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, mgeni akasifu. Nikaanza kupumua. Ndipo Bi. Lourdes akatoa kitabu changu, akampa baba kwa fahari.

"Wewe umo humu ndani, mwalimu."

Baba akatoa kalamu nyekundu mfukoni. Alistaafu zamani, lakini kalamu ile hulala nayo. Akaanza kusahihisha.

"Mlima unaonekana kila asubuhi." Kosa.

"Moshi hakuna mbu." Kosa, na mstari chini yake.

"Ukanda wa maji tulivu." Akaguna, akaandika pembeni: *wapi?*

Akafika kwenye malazi. Akasoma jina lake. Nilimwona anasoma mara mbili, midomo inacheza. Msomi: akapiga vema. Anapenda wageni: akamtazama Bi. Lourdes, kwa adabu akapiga vema. Mcheshi. Hapo kalamu ikasimama hewani.

"Hapa nampa nusu," akasema.

Kisha akafungua ukurasa wa kumi na moja. Uso ukabadilika.

"Jani la salamu? Nani kaandika huu upuuzi? Mtoto wa Kichagga hawezi kuandika hivi. Godlove, hii ni kazi ya mpishi wa kukodi."

"Kwani si la salamu?" mgeni akauliza.

Baba akamweleza taratibu, kama anaeleza darasani. Kosa, jani, msamaha. Bi. Lourdes akaziba mdomo kwa mkono.

"Mungu wangu. Asubuhi nimewaona wenzangu wakiwapa watu saba! Mmoja alilia."

Akamtazama baba, akanitazama mimi, akautazama ule mlango usio na kufuli. Nikaona anaunganisha mambo kichwani, na nikaomba asiunganishe. Akavuta mkoba wake. Akapekua, akapekua tena, akaumimina wote juu ya meza.

"Jani langu limepotea."

"Pole sana, mama," nikasema. Ndani ya moyo nilikuwa naimba pambio.

"Usijali." Akaingiza mkono mfukoni mwa koti. "Niliomba la pili pale mapokezi. Mtu wa kufuli hatembei bila ufunguo wa akiba."

Likatoka. Refu, bichi, vitone vyeupe kuanzia shina mpaka ncha.

Nikajua anamnyooshea baba. Hakumnyooshea baba. Alinishika mkono, akaliweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Mpe wewe," akaninong'oneza.

Jamani, msomaji, nihurumie, maana siku ile hakuna aliyenihurumia. Miaka sita nilikuwa nalitafutia jani hili njia. Sasa liko mkononi, baba yuko mbele yangu, shahidi katoka Ureno. Nikilitoa, ni jani la kaburi la mama, na baba ana macho. Nisipolitoa, nimekataa kumwomba msamaha mbele ya mgeni wake, na jani lingine sitalishika tena maishani.

Halafu nikaona mkono wa baba. Ulikuwa umeshaacha fimbo. Ulikuwa umeanza kuinuka wenyewe, polepole, kiganja juu.

Alikuwa analingoja. Mzee yule mkaidi alikuwa analingoja miaka yote sita.

Nikapiga magoti. Nikafunika vitone nilivyoweza kwa kidole gumba.

"Baba, nilikukosea. Nilikusimamisha kwenye foleni nyumbani kwako. Naomba unisamehe."

Baba akalipokea.

Alilipokea kwa mikono miwili! Godlove akaanza kulia kwa kwikwi, Bi. Lourdes naye akadakia ingawa hakuelewa Kiswahili. Nilijisikia mwepesi, nilitaka kumkumbatia kila mtu mpaka ng'ombe.

Baba akalipapasa jani, kutoka shina kwenda ncha, kama watu wazima wanavyolipapasa. Akafika katikati. Akasimama. Akakitazama kidole chake.

Kilikuwa cheupe.

Akakisugua kwenye kidole kingine. Akainua macho, akatazama kule chini ya migomba, kwenye kaburi la mama lililobaki uchi. Kisha akatazama jani. Godlove kwikwi zilimkatika.

"Winfrida," akasema.

Jina langu. Nilikuwa nimesahau sauti yake inavyolitamka, anavyoivuta ile herufi ya mwisho. Miaka sita nimelisubiri, na lilipokuja sikuweza hata kulifurahia.

"Abee, baba."

"Jani nimelipokea, siwezi kulirudisha. Na kiapo nimeshakila, siwezi kukitapika. Kwa hiyo nijibu mwenyewe, usimwachie mtu akusemee. Nani alikata masale ya mama yako?"

Pembeni yangu Godlove akajivuta. "Baba, ni mi..."

Nikamkanyaga mguu, kwa nguvu zangu zote. Godlove akifukuzwa, nani atamkamulia mzee ng'ombe? Nani atamkata kucha? Mimi nilishazoea kukaa nje ya geti lile. Na tuseme ukweli, panga lilikuwa la Godlove, lakini mdomo uliolituma ulikuwa wangu.

"Ni mimi, baba. Niliagiza mimi, kwa ajili ya hawa wageni. Sikuuliza yanatoka wapi."

Baba akainuka. Akachukua fimbo, jani bado analo mkononi. Hakunitazama.

"Nifuate."

Akashuka barazani, nami nyuma yake. Kihambani mwetu njia ni moja mpaka kwenye mti mkubwa wa mparachichi. Hapo inagawanyika. Ya kulia inakwenda getini. Ya kushoto inakwenda kwa mama.

Baba akafika pale njia panda, akasimama. Akainua fimbo. Nikafumba macho, nikafumbua, fimbo bado iko hewani.

"Yule kijana wa spika," akasema bila kugeuka. "Alisema kidari kilikuwa kitamu?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Nilisimama nyuma yake, naitazama fimbo, na ilikuwa bado haijaonyesha upande.